Raha ya Nyumbani: Je, Ni Upuuzi au Ni Ibada?

Jioni moja baada ya darasa, watu walipokwisha kuagana na kutawanyika, kijana mmoja alibaki ameketi juu ya mkeka. Alikuwa hajatimiza mwaka tangu aingie katika dini. Maisha yake ya zamani yalijulikana na mtaa mzima: kilabu cha pombe, karata, ngoma za usiku, na mshahara uliokwisha kabla ya mwezi kufika katikati. Yote hayo alikuwa ameyaacha, na sote tulimshukuru Mwenyezi Mungu kwa ajili yake. Lakini jioni ile uso wake ulikuwa mzito. Akaniambia: "Mwalimu, nina swali ambalo naona haya kuliuliza. Nikicheka na wanangu, moyo wangu hunishtaki. Nikiona utamu wa chai, huona kana kwamba nafsi inanivuta nirudi kule nilikotoka. Je, mcha Mungu ana ruhusa ya kufurahi nyumbani mwake?"

Kabla sijamjibu, aliinamisha kichwa akaongeza jambo moja. Alisema kwamba usiku uliotangulia mkewe alimwambia hivi: "Ulipokuwa ukirudi umelewa, tulikuogopa. Sasa unarudi umeshika kitabu, na bado tunakuogopa."

Nimeyafikiri maneno ya mama yule kwa muda mrefu. Hakusema kwamba dini ya mumewe ni mbaya, wala hakutamani pombe irudi. Alitoa ushahidi tu wa mambo aliyoyaona: kwamba mtu anaweza kuacha maovu yote ya nje, na watu wa nyumbani mwake wasipate faida yoyote ila kubadilishiwa hofu moja kwa hofu nyingine. Basi swali la kijana yule si dogo. Linawahusu wengi walioingia dini juzi, na wengine wanaosimama mlangoni wakichungulia, na hata sisi tulio ndani miaka mingi. Hebu tulitazame kwa utulivu.

Maneno yenyewe yasemaje?

Kwanza tuisikilize lugha yetu, kwani imehifadhi hekima katika jambo hili. Maneno "raha" na "starehe" yametoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kupumzika na kuburudika. Kwa watu wa pwani wenye adabu, mgeni akiingia na wenyeji wakataka kuinuka kwa ajili yake, huwaambia, "Starehe, starehe!" yaani kaeni kama mlivyo, msisumbuke kwa ajili yangu. Kwa hiyo neno hili lina heshima ndani yake: mtu anamwachia mwenzake utulivu wake. Lakini siku hizi ukisema kwamba fulani ni mtu wa starehe, wasikilizaji hufahamu ulevi na uasherati. Neno halikukosa lolote. Sisi ndio tuliolitoa barazani tukalipeleka kilabuni, kisha tukaanza kuliogopa.

Hata sala za usiku wa Ramadhani tuziitazo tarawehe zimepata jina lao katika shina lilo hilo, kwa sababu waliozisali zamani walikuwa wakipumzika kidogo baada ya kila rakaa nne. Tazama basi jinsi pumziko lilivyoingia mpaka ndani ya jina la ibada!

Tena liko neno "maskani". Asili yake ni kutulia. Kurani Tukufu, katika Sura An-Nahl, inazihesabu nyumba miongoni mwa neema za Mwenyezi Mungu na kuzitaja kuwa ni mahali pa utulivu. Na katika Sura Ar-Rum inaeleza kwamba wake waliumbwa ili waume wapate utulivu kwao, na kwamba baina ya wawili hao yamewekwa mapenzi na huruma. Mahali pote pawili neno lililotumika ni la shina hilo hilo la maskani. Basi nyumba ambayo watu wake hunyamaza kwa hofu inazo kuta na paa, lakini bado haijawa maskani.

Nalo neno "afya" wengi hulidhani kuwa ni habari ya hospitali tu. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, lilikataa kuihesabu afya kuwa ni kukosa maradhi peke yake. Liliingiza pia uzima wa akili na wa maisha ya mtu pamoja na wenziwe. Mswahili alilijua hilo kabla ya katiba hiyo kuandikwa. Akikutana na mwenziwe haridhiki kuuliza "Hujambo?" tu, huendelea, "Habari za nyumbani?" kwa sababu anajua kwamba nyumba ikiugua, mwenye nyumba hawezi kuwa mzima.

Makosa mawili

Katika jambo hili wanadamu wamekosea kwa njia mbili. Wako wanaokimbia nyumba zao wakitafuta raha, na wako wanaoikimbia raha wakimtafuta Mungu.

Wa kwanza hawahitaji maelezo marefu. Mtu hutoka kazini akapita mbele ya mlango wake, akaenda kununua furaha kwa fedha, na furaha hiyo ikaisha asubuhi pamoja na fedha. Hata wale wanafalsafa wa kale waliosema kwamba raha ndiyo wema mkuu hawakukubali njia hiyo. Epicurus, Myunani aliyefungua chuo chake katika bustani huko Athens kiasi cha miaka 306 kabla ya Nabii Isa (a.s.), amesingiziwa na wengi kuwa alikuwa mwalimu wa walafi. Lakini habari zilizohifadhiwa zinamwonyesha mtu wa mkate na maji, aliyemwomba rafiki yake kipande cha jibini ili siku akitaka kufanya karamu apate kufanya. Alikwisha fahamu kwamba anayehitaji vitu vingi ili afurahi hatafurahi mara nyingi. Katika hilo alisema kweli. Aliloacha ni swali kubwa zaidi: raha yangu inamfikisha wapi aliye karibu nami? Tutalirudia swali hilo baadaye.

Kosa la pili ni la watu wema, na kwa sababu hiyo ni gumu zaidi kuliona. Mtu akiisha kutubu, huiona kila ladha kuwa ni mtego. Zamani alikuwa mtumwa wa raha. Sasa hudhani kwamba uhuru ni kukunja uso. Watoto wakicheka, huwanyamazisha. Mkewe akimletea maua ya asumini, humwuliza kama amekwisha sali. Polepole nyumba inakuwa kama chumba cha mtihani, na yeye ndiye msimamizi. Huyo ndiye aliyekuwa ameketi mbele yangu jioni ile.

Swali la Hanzala

Ndugu msomaji, usidhani kwamba kijana yule ndiye wa kwanza kuuliza. Swali lake liliulizwa Madina na Hanzala (r.a.), mmoja wa waandishi wa Mtume Mtukufu (s.a.w.). Siku moja alikutana na Hadhrat Abubakar (r.a.) akamweleza, kwa huzuni kubwa, kwamba anajiona amekuwa mnafiki. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba wanapokuwa mbele ya Mtume, Pepo na Moto huwa kama mambo wanayoyaona kwa macho. Lakini wakirudi kwa wake zao, na watoto wao, na mali zao, mengi husahaulika. Abubakar naye akakiri kwamba hali yake ni hiyo hiyo. Wakaenda wote wawili kwa Mtume (s.a.w.).

Jibu walilopewa lilikuwa la rehema. Waliambiwa kwamba kama wangedumu daima katika hali ile waliyo nayo mbele yake, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani mwao. Lakini mambo yana saa zake, saa hii na saa ile.

Angalia jambo ambalo Mtume hakulisema. Hakumwambia Hanzala kwamba saa ya kucheza na watoto ni saa ya unafiki. Wala hakumwambia kwamba saa ya ibada sasa imekuwa nyepesi. Aliziacha saa zote mbili mahali pake, kila moja na haki yake. Na walioleta shaka hiyo hawakuwa watu wazembe. Walikuwa miongoni mwa wabora wa umma. Basi moyo wako ukikushtaki kwa sababu umecheka na mwanao, uambie kwamba shtaka hilo lilikwisha sikilizwa zamani na hukumu ikatolewa.

Ugeni wa Salman

Liko tukio jingine lililo karibu zaidi na maneno ya mama yule. Baada ya kuhamia Madina katika mwaka 622, Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha masahaba wawili wawili kwa udugu. Miongoni mwao alimuunganisha Salman (r.a.), aliyetoka nchi ya Uajemi, na Abu Dardaa (r.a.), mtu wa Madina. Siku moja Salman alikwenda kumzuru ndugu yake akamkuta mkewe amevaa nguo chakavu, hana pambo lolote. Alipomwuliza kuna nini, alimjibu kwamba ndugu yake Abu Dardaa hana haja na mambo ya dunia.

Katika jibu hilo fupi mna maisha mazima ya mwanamke aliyesahauliwa. Mumewe hakumpiga wala hakumnyima chakula. Alikuwa akifunga mchana na kusali usiku, na mkewe alikuwa kama kitu kilichobaki nje ya dini ya mumewe.

Salman alifanya nini? Hakutoa hotuba. Chakula kilipoandaliwa, Abu Dardaa akasema kwamba amefunga, naye Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale pamoja naye, naye akala. Usiku ulipoingia, Abu Dardaa akataka kusimama kusali, Salman akamwambia alale, naye akalala. Akataka kuinuka tena, akaambiwa tena alale. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku ndipo Salman alipomwamsha, wakasali pamoja. Kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani mwake wana haki. Basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari hizo zilipofika kwa Mtume (s.a.w.), alisema kwamba Salman amesema kweli.

Neno la kushikwa hapa ni "haki". Wengi wetu tunadhani kwamba kuketi na mke na watoto ni hisani tunayowapa wakati wetu ukibaki. Salman aliita ni haki, yaani deni. Na mtu hawezi kutoa sadaka mali ya mwingine. Ukichukua saa iliyokuwa ya mkeo na wanao ukaitoa kuwa ibada ya ziada, jiulize unatoa mali ya nani.

Raha ndogo ni zipi?

Pengine utauliza: "Raha zenyewe ni zipi? Mimi sina bustani wala sebule ya kifahari." Hazihitaji hayo. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Tazama mtungi wa udongo uliokaa pembeni penye kivuli. Maji yake ni baridi mchana wa jua kali, bila umeme. Udongo wake una vitundu vidogo sana. Maji kidogo hupenya mpaka nje, yakageuka mvuke, na katika kugeuka huko huchukua joto la yale yaliyobaki ndani. Mtu aweza kunywa maji hayo miaka 40 asitambue kwamba kila kata anayoteka ni darasa la hekima ya Muumba.

Tazama chai ya tangawizi baada ya sala ya Magharibi. Tazama mkeka uliotandikwa uani, watoto wakimzunguka bibi yao, naye akisema "Paukwa!" nao wakijibu "Pakawa!" kwa sauti inayofika nyumba ya tatu. Tazama harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, shuka iliyofuliwa na kukaushwa juani, mihogo inayopikwa kwa nazi, usingizi wa mchana siku ya mapumziko. Hakuna hata moja katika hizo inayomdhuru jirani au kumtoa mtu katika mipaka ya Mungu. Tena hakuna inayohitaji fedha nyingi. Bei yake ni moja tu, nayo ni kwamba mtu awepo. Anayekunywa chai huku moyo wake ukigombana na watu wasiokuwepo, au macho yake yameganda juu ya simu, ameinywa bila ya kuionja.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni mepesi. Huko Boston, Marekani, tangu mwaka 1938 wataalamu wamefuatilia maisha ya mamia ya wanaume, wengine waliosoma katika Chuo Kikuu cha Harvard na wengine waliotoka mitaa ya mafukara, na baadaye wake zao na watoto wao. Katika mambo waliyoyaona baada ya miongo mingi, mojawapo ni hili: wale walioridhika na uhusiano wao na wenzao walipokuwa na umri wa miaka 50 ndio walioonekana kuwa wazima zaidi walipofika miaka 80. Mapenzi ya nyumbani si pambo juu ya uzima. Ni sehemu ya uzima wenyewe.

Raha hiyo hulipwa na nani?

Mpaka hapa, ndugu msomaji, nimemtetea mwenye kupenda raha ya nyumbani. Sasa sina budi kumgeukia na kumwuliza swali lile tuliloliacha nyuma.

Chai uliyoletewa ilikuwa tamu. Nani aliyewasha moto? Maji ya mtungi yalikuwa baridi. Nani aliyeyabeba? Shuka ilikuwa safi. Mikono ya nani ina magamba ya sabuni? Na wakati ulipokuwa ukinywa na kuburudika, aliyeipika alikuwa ameketi wapi, au alikuwa bado amesimama?

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani, wa kuni, mkaa, mafuta ya taa na mfano wa hayo, ulisababisha vifo vipatavyo 3,200,000 katika mwaka 2020. Na taarifa ya shirika hilo pamoja na UNICEF ya mwaka 2023 ilieleza kwamba watu 1,800,000,000 wanaishi katika nyumba zisizo na maji ndani ya eneo lao, na kwamba katika nyumba 7 kati ya 10 za namna hiyo wanaokwenda kuteka ni wanawake na wasichana. Hesabu hizi si za mahali pa mbali. Ziko katika jiko letu lisilo na dirisha. Ziko katika ndoo inayobebwa alfajiri na binti ambaye baadaye tutamlaumu kwa kuchelewa chuoni.

Kwa hiyo mtu aweza kukaa barazani akimshukuru Mungu kwa raha ya nyumbani, na nyuma ya ukuta huo huo mtu mwingine anakohoa ili raha hiyo ipatikane. Shukrani ya namna hiyo ina upungufu mkubwa. Raha inayomchosha mwingine hata yeye asipate fungu lake ni ushuru unaotozwa watu wa nyumbani. Nami nasema bila ya kusita kwamba hapa ndipo penye kipimo cha jambo lote: raha ya nyumbani huwa ibada pale inapomfikia aliyeitayarisha.

Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alieleza kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumbani, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Imepokewa pia kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Na ni huyo huyo aliyeshindana mbio na Bibi Aisha, akashindwa mara ya kwanza, na siku nyingine akashinda, akamfanyia mzaha kwamba ushindi huu ni badala ya ule. Basi aliyefanya mzaha nyumbani ndiye aliyefanya na kazi ya nyumbani. Sisi tumegawanya: tumejitwalia mzaha, tukawaachia wengine kazi, au wengine wetu tumeacha vyote viwili.

Kosa langu mwenyewe

Sitaki kumsema kijana yule kana kwamba mimi nimesalimika. Nilisoma miaka saba katika chuo cha dini nchi za ng'ambo. Nilifundishwa sarufi, tafsiri, na jinsi ya kujibu hoja za wapinzani. Lakini somo la kuingia nyumbani kwangu nililipata kwa kuchelewa.

Mwaka mmoja nilikwenda safari ya siku tatu kufundisha vijijini. Mada yangu, Mwenyezi Mungu anisamehe, ilikuwa huruma. Watu waliisifu. Basi liliharibika njiani, nikafika nyumbani usiku, nina vumbi na njaa. Binti yangu wa miaka sita alikuwa amekataa kulala akinisubiri. Alinikimbilia na mwanasesere aliyemtengeneza kwa gunzi la mahindi, amemvika kitambaa, akataka nimpe jina. Nikamwambia kwa ukali, "Niondokee hapa! Nimechoka kwa kazi ya Mungu."

Mtoto akarudi nyuma. Mama yake akatoka jikoni, akapokea mkoba wangu, akasema kwa sauti ya chini: "Pole na safari, Mwalimu. Na yule naye ni kazi ya Mungu."

Nimesikia hotuba nyingi tangu usiku ule, na nyingine nimezitoa mwenyewe. Sijasikia iliyo fupi kuliko hiyo wala iliyonifaa zaidi. Yule mtoto aliumbwa kwa mkono ule ule niliodai kuutumikia. Nilikuwa nimechoka kweli. Lakini kuchoka kwangu kulikuwa kumewafikia watu wa mbali kwa uso wa kucheka, na kukaja kwa watu wangu kwa uso wa kukunja. Kesho yake mwanasesere alipata jina. Lakini nilitambua kwamba jina la usiku na jina la asubuhi si kitu kimoja, na ya usiku ule sikuweza kuyarudisha tena.

Ama kuhusu ufukara

Najua yuko msomaji atakayesema: "Haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. Nyumbani kwangu unga umekwisha tangu jana. Raha gani unayonihubiria?"

Neno hilo lina haki ya kujibiwa. Sisemi kwamba umaskini ni mtamu, wala kwamba anayecheka juu ya mkeka hana haja ya kitanda. Anayemwambia mwenye njaa aridhike, na huku yeye ana akiba, anaitumia dini vibaya. Moshi wa jikoni hauondoki kwa subira. Unaondoka kwa dirisha, kwa dohani, na kwa jiko bora. Huko Tanzania, mwezi Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Juhudi kama hizo ni wajibu, na kuzisaidia ni katika wema.

Lakini ufukara una pigo la pili, ambalo hilo liko katika uwezo wetu kulizuia. Pigo la kwanza ni kukosa unga. La pili ni baba kuingia na kumfokea mama kwa sababu ya unga uliokosekana, na mama kumpiga mtoto, na mtoto kumpiga mbwa teke. Njaa imeingia moja, imetoka minne. Nyumba ambayo wenyewe wanaambiana kwa upole, "Leo hatuna, tusubiri pamoja," bado ina njaa. Lakini bado ni maskani.

Basi tufanye nini?

Sina dawa kubwa. Kijana yule nilimwambia mambo manne, nami nakuambia wewe.

La kwanza, unapoingia nyumbani toa salamu kwa sauti wanayoijua watoto, kisha nyamaza usikilize kabla ya kuuliza lolote lililokosewa.

La pili, usianze kula mpaka aliyepika aketi. Kama hawezi kuketi kwa sababu kazi imembana, basi hiyo ndiyo kazi yako.

La tatu, chukua mzigo mmoja wa nyumbani uwe wako daima, si siku ya kusifiwa tu. Maji, kuni, kufua, au kumwogesha mtoto. Uchague wewe, lakini usiuache.

La nne, itenge saa moja ambayo si ya wageni, wala ya barua, wala ya simu, wala ya mabishano ya dini. Katika saa hiyo kunywa chai yako polepole pamoja nao, na useme "Alhamdulillahi" baada ya kuionja, si kabla.

Baada ya kiasi cha miezi miwili kijana yule alinijia tena. Alisema kwamba sasa hubeba ndoo mbili za maji kabla ya sala ya Alfajiri, na kwamba jioni yeye na mkewe hunywa chai pamoja barazani, jambo ambalo hawakulifanya tangu waoane. Nikafurahi. Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Lakini yule mdogo, Mwalimu, bado nikiingia huacha kucheka."

Sikumficha. Nilimwambia kwamba hofu iliyojengwa kwa miaka haibomolewi kwa miezi, na kwamba mtoto hana haraka ya kuamini kama sisi tulivyo na haraka ya kusamehewa. Aendelee kuingia kwa salamu. Iko siku mtoto ataendelea kucheka, naye asiwe na haja ya kumwuliza mtu yeyote kama amefanya ibada.

Ndugu msomaji, jioni ya leo utakaporudi kwako, simama kidogo nje ya mlango usikilize sauti zilizomo ndani. Kisha ingia, na usikilize zimekuwaje. Katika tofauti ya sauti hizo mbili utapata jibu la swali tuliloanza nalo, na hutahitaji kuliuliza kwangu.

Mwenyezi Mungu azijalie nyumba zetu kuwa maskani za utulivu, atuzibue macho tuwaone wanaochoka kwa ajili yetu, na atupe nguvu ya kuwapumzisha. Amin.